Magoti Yaliyogoma Rubya

Niliambiwa nina mafuta mengi kwenye damu, nikacheka mbele ya daktari. Sikucheka kwa dharau. Mimi ni mwembamba tangu utotoni, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kumtania wifi yangu anayetoka Kimwani, mjane wa marehemu kaka yangu, kwa unene wake. Sasa wifi huyo huyo, aliyepimwa siku ile ile kwenye foleni ile ile, damu yake ilikutwa haina tatizo lolote. Alitoka chumba cha vipimo akitembea kwa madaha kama bibi harusi. "Pole, wifi," akaniambia, "kumbe ya kwako yalijificha ndani." Njia nzima ya kurudi kwangu Kagondo alikuwa akijipigapiga tumbo na kucheka. Nami nikacheka naye, maana ukiwa na wifi wa namna ile, ama unacheka ama unateremka kwenye gari.

Daktari alikuwa dada mmoja bado kijana, mpole, mwenye sauti ya chini. Mimi nimefundisha sayansi sekondari hapa Bukoba mpaka nikastaafu, na kila ninayekutana naye mjini ama nilimfundisha ama anadai nilimfundisha. Huyu alikuwa wa kundi la pili, lakini aliniita mwalimu kwa heshima hata nikaona vibaya kumkana. Akanieleza kwamba kwa umri wangu, kwa presha yangu inayopandapanda na kwa mafuta yale, mishipa ingeweza kuziba. Akaniandikia kidonge cha kumeza kila jioni, cha zile dawa zinazoitwa statini.

"Ukisikia misuli inauma au inalegea bila sababu, mwalimu, usikae nayo. Njoo uniambie."

Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilielewa. Tatizo ni kwamba sikuwahi kukosa sababu. Mtu anayepalilia migomba yake mwenyewe, anachuma kahawa yake mwenyewe na kubishana na mbuzi wa jirani kila asubuhi, sababu za kuumwa mapaja anazo za kumtosha yeye na kuwagawia wengine.

Habari ya mishipa kuziba hakuhitaji kunieleza sana. Mume wangu aliondoka kwa kiharusi, asubuhi moja ya kawaida, tukiwa tunabishana kuhusu uji kama una sukari au hauna. Amelala kwenye kibanja chetu nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, karibu na mama yake. Kila ninapokwenda kukata ndizi napita pale, namsalimu na kumpa habari za mji: nani kaoa, nani kajenga, nani kajifanya hatujui.

Na hapo ndipo ilipokuwa roho yangu. Mwanangu wa pekee anafanya kazi Dar es Salaam, anaishi ghorofani, na tangu baba yake afariki alikuwa na wimbo mmoja: "Mama, siku miguu yako itakapokataa, nakuja kukuchukua, na hatutajadili." Nimewahi kukaa kwenye ghorofa lile. Ni zuri. Lina lifti inayosema Kiingereza na dirisha linalotazama nguo za ndani za jirani. Kwa kutembelea linafaa sana. Lakini kuhamia kule, kufunga mlango wa Kagondo, kuacha migomba imezwe na magugu na mume wangu akae bila mtu wa kumpa habari, hapana. Kwa hiyo miguu yangu ilikuwa inalinda mambo mengi kuliko watu walivyodhani.

Basi nikakiheshimu kile kidonge. Sikuruka hata jioni moja. Halafu nikaamua kukisaidia, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nyuma ya jiko nina mti wa balungi unaozaa bila kuombwa. Kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba uchachu hukata mafuta. Sufuria ikishapikiwa nyama ya mbuzi unaisugua kwa limau, na mafuta yanakimbia mbio. Mimi, mwalimu wa sayansi, niliyesimama ubaoni miaka yote ile nikichora moyo kwa chaki nyekundu, nikafikiri hivi: kidonge kinakata mafuta, balungi linakata mafuta, vikiingia pamoja hayo mafuta yatakimbilia wapi? Nikawa nakamua bilauri nzima ya balungi kila jioni, namezea kidonge, na asubuhi nakunywa bilauri nyingine kwa ajili ya mafuta yaliyoponyoka. Nilijisikia mgunduzi. Nikampigia wifi kumweleza. "Ndiyo maana serikali ilikuajiri," akasema, na siku hiyo hakuwa ananitania.

Kwanza yakaanza mapaja. Hayakuuma kwa kelele, yalikuwa mazito tu, kama mtu aliyevaa sketi ya jinzi akanyeshewa. Yakafuata mabega. Nikiinua mikono kuchana nywele, mikono inaomba kushuka kabla sijafika utosini, kwa hiyo nikawa natembea na nywele zilizochanwa mbele tu, nyuma nimemwachia Mungu. Halafu nikashindwa na choo. Choo changu ni cha kuchuchumaa, cha vigae vyeupe, na wakati kinajengwa nilikisifia kwa kila mgeni. Kuchuchumaa hakukuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa safari ya kurudi. Nilijifunza kuomba msaada wa bomba la maji, kisha wa kitasa cha mlango, kisha wa Mama Bikira Maria, kwa mpangilio huo huo.

Kanisani nikahamia benchi la nyuma kabisa, nikawa nabaki nimeketi wenzangu wanapopiga magoti. Jirani yangu akaeneza kwamba nimesusa kwa sababu ya uchaguzi wa viongozi wa kwaya. Niliuacha uvumi uendelee. Ulinifaa, kwa sababu watu walikuwa wanazungumzia kwaya, hawakuzungumzia miguu.

Mwanangu akipiga simu ya video ananikuta nimeketi kama askofu.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo kabisa."

"Hebu inuka unionyeshe kahawa ilivyozaa."

"Jua kali, mwanangu. Kahawa haitaki kuonwa jua likiwa kali."

Na yeye, mtoto aliyelelewa chini ya kahawa hiyo hiyo, akakubali.

Wifi alipokuja kunitembelea aliona mara moja, maana yeye huwezi kumficha kitu kinachohusu mwili. Akanilaza kwenye mkeka, akanikanda kwa samli ya kutoka kwao. Hebu fikiria: mwanamke aliyekatazwa mafuta anapakwa mafuta na mwanamke aliyeruhusiwa mafuta. Nilinukia kama andazi. Tulicheka mpaka akaniangukia, na mtu wa unene ule akikuangukia na miguu yako imegoma, mnakaa hapo mkingojea neema. Lakini alipoondoka nililia. Nilikuwa naogopa kweli. Niliamini kiharusi kilichomchukua mume wangu kwa ghafla, kwangu kimeamua kuja taratibu, kinaanzia chini kinapanda juu. Hata hivyo sikwenda kwa daktari. Daktari angeandika, mtu angesoma, mwanangu angejua.

Ndipo ikaja safari ya Rubya.

Mtoto wa wifi, kijana wa marehemu kaka yangu, alikuwa amepata mchumba huko, binti wa familia ya wakulima, watu wa dini na wenye msimamo. Siku ya kwenda kumwomba ikapangwa. Wanaume wangezungumza, kama kawaida, lakini wanawake wa upande wetu ilikuwa lazima waongozwe na shangazi, na shangazi ndiye mimi. Tukaondoka asubuhi, tukapita Muleba mjini, tukakata kuelekea Rubya, ukungu bado umekalia migomba. Ndani ya gari wote wanaimba. Mimi naimba kwa mdomo, na kichwani napiga hesabu ya namna ya kuinuka.

Kwetu mwanamke huwasalimia wakwe kwa magoti. Sizungumzii kule kukunja goti kidogo kunakofanywa na watoto wa siku hizi huku wanatazama simu. Ni magoti yote mawili chini, mikono imetulia, salamu ndefu. Na anayeongoza akiwa bado chini, hakuna nyuma yake anayethubutu kuinuka. Sheria hiyo naijua vizuri kwa sababu ni mimi niliyewafunza wasichana wote wa ukoo wetu, na nilikuwa mkali.

Nilikuwa na mpango. Ningepiga magoti kando ya kiti kizito, nikimaliza ningekishika kana kwamba nakisifia, nikainuka nacho. Tulipoingia sebuleni kwao nikakuta viti vyote vimesukumwa ukutani, katikati pametandazwa mkeka mpana, mzuri, wenye rangi. Hapakuwa na kitu cha kushika isipokuwa hewa.

Nikashuka. Wifi anasema nilishuka kama malkia. "Kasinge waitu," nikasalimia, wakaitikia wote kwa furaha. Nikauliza habari za nyumbani, za wagonjwa, za mvua, za kahawa. Wakajibu. Sasa ilikuwa zamu ya kuinuka. Nikayaamuru mapaja. Hayakujibu. Nikayaamuru tena, kimoyomoyo, kwa ile sauti yangu ya darasani iliyokuwa inanyamazisha mpaka darasa la jirani. Kimya.

Nyuma yangu safu nzima ya wanawake wetu ilikuwa magotini, vitenge vipya vimepigwa pasi, wananisubiri.

"Inuka," wifi akaninong'oneza.

"Bado nasalimia."

Nikaendelea. Nikauliza habari za ng'ombe. Hawakuwa na ng'ombe, wakajibu kwa adabu kwamba hawajambo. Nikauliza habari za parokia, za seminari, za barabara, za jirani wa upande wa juu na wa upande wa chini. Nikawapa pole ya misiba yote niliyoikumbuka, na mmoja ambao baadaye nilielezwa haukuwa wa kwao. Nikamsifu binti, nikamsifu mama aliyemzaa, nikausifu mkeka. Kila nilipofika mwisho wa jambo nilijaribu kujisukuma kidogo, naona bado, natafuta jambo lingine. Nyuma nilimsikia wifi akiguna kwa maumivu, na mtu mmoja akisali.

Kilichonishangaza ni kwamba watu wa Rubya hawakuchoka. Baba wa binti alivua kofia yake akaiweka mapajani. Mama mmoja wa upande wao akaanza kufuta machozi. Nikasikia mzee akisema kwa Kihaya kwamba heshima ya namna hii alidhani ilishazikwa na wazee wake. Simu zikainuliwa, wakaanza kunirekodi. Nami nilivyoona simu ndivyo nilivyozidi kuwa mnyenyekevu, kwa sababu sikuwa na njia nyingine.

Bibi wa binti alikuwa ameketi mbele yangu kwenye kiti cha heshima, mama mtu mzima sana, mdogo wa umbo, macho makali. Alivumilia mpaka akashindwa. Aliona haiwezekani mtu amheshimu kiasi kile asimrudishie. Akajisukuma kutoka kitini, watu wakimzuia, akashuka hadi kwenye mkeka, akapiga magoti uso kwa uso nami, akanikumbatia. Vigelegele vikapasua bati. Katikati ya makelele hayo akanisogelea sikioni.

"Mwana wange, umeshindwa kuinuka?"

"Nimeshindwa, waitu."

Akajisukuma kidogo, akijipima.

"Hata mimi sasa."

Tukaanza kucheka. Tulijaribu kuzuia na tukazidisha. Tulishikana mabega tukatikisika, vichwa vimegusana, na kwa kuwa nyuso zetu zilikuwa zimefichwa na vitambaa vya kichwani watu wakadhani tunalia kwa furaha ya kuungana kwa koo mbili, nao wakalia. Baba wa binti alilia. Mshenga wetu, aliyekuja amejiandaa kwa mabishano ya mchana kutwa, alilia akasahau hotuba yake. Mwishowe vijana wakatushika mabegani wakatuinua wote wawili kwa pamoja, kama wanavyoinua mkungu wa ndizi, na kabla chakula hakijapakuliwa tukawa tumeshakubaliwa.

Wakati wa kula bibi yule alisema niketi karibu naye, asisogee mwingine. Aliinamia sahani yake ya ndizi na maharage kana kwamba anazungumza nayo.

"Mimi nimezeeka, magoti yangu yana ruhusa. Wewe una nini?"

"Ni kidogo tu, bibi. Uzee."

"Uzee naujua, tunaishi nyumba moja. Hauji mbio namna hiyo." Akanipiga kofi dogo kwenye paja. "Nenda kapime. Na usinifanye nishuke tena chini kwa ajili yako."

Sijui kama ningemtii. Nafikiri nisingemtii. Lakini zile video zilikuwa zimeshaondoka Rubya kabla yetu. Zilikwenda kwenye kundi la ukoo, zikaenda kwenye makundi ya watu nisiowajua, zikisindikizwa na maneno makubwa kuhusu mila na wanawake wa zamani. Jumapili, natoka misa, simu ikalia.

"Mama, nimeona video."

"Umeona heshima ilivyo?"

"Nimeona mtu aliyeshindwa kusimama." Mwanangu hakuwa anacheka. "Jumatano nipo hapo."

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa yule daktari. Nilijiambia kwamba kama ni kiharusi, basi nikijue mapema, nimuage mume wangu vizuri kabla mwanangu hajafika. Hicho ndicho kilichonipeleka, nilikuwa nakwenda kuchukua hukumu yangu.

Daktari akaniambia nikunje mikono kifuani niinuke kutoka kwenye kiti bila kushika kitu. Nikabaki nimeketi namtazama. Akapima nguvu za mikono, akagonga magoti, akaangalia uso wangu kama umepinda, akauliza rangi ya mkojo. Akauliza kama kuna dawa nyingine, mitishamba, pombe. Nikasema hapana, hapana, na rubisi ya sikukuu tu.

"Na kidonge unamezea nini?"

Hapo nikanyooka kitini. Nilikuwa nimesubiri mtu mwenye elimu aniulize. "Balungi," nikasema. "Bilauri nzima, freshi. Na nyingine asubuhi."

Akaweka kalamu chini, akafunika mdomo kwa mkono, akarudi kuwa daktari.

"Mwalimu, balungi linauzuia mwili usiivunje dawa hii. Unameza kimoja jioni, lakini damuni inakaa kama umemeza vingi. Ndivyo misuli inavyoumia."

"Kwa hiyo halikati mafuta?"

"Balungi halikati chochote. Limekukata wewe mapaja."

"Kwa hiyo si kiharusi?"

"Sioni dalili ya kiharusi."

Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, nikamkumbatia akiwa bado ameketi, na kwa kuwa miguu haikunisaidia nikamlalia, ikabidi muuguzi aje kutuachanisha. Lakini yule dada hakuniacha nishangilie sana. Alisema misuli ikiharibika vibaya taka zake zinaweza kuziumiza figo, kwa hiyo si jambo la mchezo. Akanitoa damu kupima misuli na figo. Akasimamisha kidonge, na balungi akalipiga marufuku. Nilipomwambia kwa furaha kwamba basi nimeachana na vidonge maisha, akanikatalia kabisa. Tungepumzika, miguu irudi, kisha tungeanza aina nyingine, kwa kipimo kidogo, ambayo haina ugomvi na balungi. Mishipa yangu bado ilikuwa na kazi yake.

Majibu yalionyesha misuli imeumia kweli, ila figo zilikuwa nzima. Nikabaki kuisubiri Jumatano, siku ya mwanangu.

Mwanangu alishuka kwenye ndege ya asubuhi akiwa na begi kubwa kuliko yeye. Lilikuwa tupu. Alikuwa amekuja nalo kwa ajili ya nguo zangu. Aliliweka katikati ya sebule, nami nikakaa nikilitazama, hasira ikinipanda mpaka masikioni.

Nikamweleza kila kitu, balungi, daktari, figo, yote. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mgongo kwangu, anatazama migomba.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Lilikuwa jambo dogo. Maumivu kidogo tu."

Akageuka. Sijamwona mwanangu na uso ule tangu akiwa mtoto.

"Mama, mara ya mwisho uliponiambia 'kidogo', ulinipigia ukasema, 'Njoo, baba yako anaumwa kidogo.' Nikapanda basi. Nikanunua machungwa njiani ya kumletea. Nimefika hapo getini nimekuta maturubai."

Ndivyo tunavyofanya sote. Mtu amefiwa yuko mbali, unamwambia mgonjwa ana hali kidogo, ili afike salama, asianguke njiani. Nililifanya kwa upendo na ningelifanya tena. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba tangu siku ile, kila nilipomwambia sijambo, mwanangu alikuwa anasikia maturubai. Nilidhani anataka kunitawala. Kumbe mtoto wangu alikuwa anaogopa simu yangu.

Nikamwita akae karibu nami. Tulilia, sitaficha. Kisha nikamwambia hivi: kuanzia leo neno "kidogo" limekufa katika nyumba hii. Kitu chochote kikiniuma nitakupigia, na nitakwambia kilivyo, kikubwa kwa ukubwa wake. Na yeye akatoa sharti lake. Atanipa mpaka mwezi uishe. Miguu ikirudi, nabaki. Isiporudi, begi ndilo litakalorudi, na safari hiyo halitaondoka tupu.

Hata safari ile halikuondoka tupu. Wifi alilijaza ndizi, kahawa, maharage na senene wa kukaanga, mpaka uwanja wa ndege wakamwuliza mwanangu kama anahama.

Tangu siku hiyo nimempigia kwa kila kitu. Nilimpigia jino liliposhtuka. Nilimpigia nilipojikata na kisu cha ndizi, nikamtumia na picha. Nilimpigia kumwambia leo nimechana nywele za nyuma. Nilimpigia kutoka chooni, nimesimama, nikamweleza nimesimamaje, akaniambia kwa heshima zote kwamba hilo angeweza kuamini bila maelezo. Lakini kila mara alipokea.

Mwezi ulikuwa unaelekea ukingoni. Nilikuwa natembea vizuri, ila ngazi bado zilinitisha, na kila nikihesabu siku zilizobaki moyo ulikuwa unadunda. Asubuhi moja nikaenda kuchuma kahawa iliyoiva upande wa chini wa kibanja. Nilikuwa nimenyoosha mikono juu, naimba, sikuona nimesimama juu ya nini. Siafu. Walikuwa wameshapanda mpaka mapajani kabla sijahisi wa kwanza. Nikapiga yowe lililosikika kwa jirani, nikatupa kikapu, nikapanda mteremko, nikapita kaburi la mume wangu bila kumsalimu, nikaruka mfereji, nikajikuta mlangoni kwa jiko nimeshika kitenge mkononi, napiga miguu chini.

Ndipo nikageuka nikatazama nilikotoka.

Nikampigia. Alipokea kwa sauti ya chini, nikajua yuko kikaoni.

"Mama, nini?"

"Nimeng'atwa na siafu. Wengi. Mapaja yote yanawaka moto."

"Pole, mama. Umekaa? Kuna mtu wa kukusaidia?"

"Nimekimbia, mwanangu. Kutoka chini kwenye kahawa mpaka jikoni. Unanisikia? Nimekimbia."

Nikasikia kiti kikisukumwa, na mwanangu, mtu mzima mwenye tai, akiwaambia waliokuwa naye kwa sauti iliyokatikakatika, "Samahanini, jamani. Mama yangu amekimbia."